Nilishindwa kwa kura sita, na najua zilikuwa wapi

Wiki iliyopita nimepata meseji ya kijana mmoja wa Makambako, ni msomaji wangu wa siku nyingi, huwa ananiuliza mambo ya viazi na bei ya gunia imekaaje Uyole, ila safari hii hakuuliza viazi. Kaandika, "Shikamoo dada, nimesikia uliwahi kugombea kitongoji. Mi nataka kugombea uenyekiti wa mtaa 2029, naomba unishauri nianze kuweka hela kiasi gani ya fulana na mabango." Nikaisoma mara tatu. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, sababu jambo hili sijawahi kuliandika popote, wanaolijua ni watu wa nyumbani na majirani, na kiukweli bado linaniuma. Nikamwambia marahaba mdogo wangu, nipe siku mbili tatu. Sasa ndo nakujibu, na kwa vile najua mko wengi mnaowaza kugombea miaka hiyo inayokuja, nimeona nijibu hapa kila mtu asome.

Fulana achana nazo. Kitongojini kwetu hakuna mtu asiyenijua, nimezaliwa pale, nimesoma shule ya msingi pale, shamba langu liko pale, watoto wa pale wananiita shangazi. Sikushindwa kwa kutojulikana. Nilishindwa kwa sababu watu wanaonipenda hawakuja kupiga kura, ni hilo tu, na wengine hata wangekuja wasingeruhusiwa kwa sababu majina yao hayakuwepo.

Uchaguzi wenyewe ni ule wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Kijiji chetu kiko upande wa Rungwe, mkoani Mbeya, ukishaiacha Uyole unapandisha barabara ya kwenda Tukuyu, baridi ya kule anaijua aliyewahi kulala. Niligombea uenyekiti wa kitongoji. Chama sikitaji, sheria yetu inataka mgombea apitie chama na mi nilipitia, ila makala hii siyo ya chama, na mzee aliyenishinda ni mtu na heshima zake, juzi tu tulikuwa wote msibani tunapika. Yeye alipata kura 64, mimi 58. Kura sita. Kura sita ni watu wa nyumba moja wakikaa kula ugali jioni.

Kilichonisukuma kugombea ni mikutano. Kwa utaratibu mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, wananchi wote wenye miaka 18 na kuendelea wakae, wasomewe mapato na matumizi, waulize. Kwetu kuna kipindi tulikaa tangu tunavuna mahindi mpaka tunavuna mengine hatujaitwa, na siku tulipoitwa tulikuja watu wachache tukakaa kwenye majani tukasikiliza, tukasaini mahudhurio tukaondoka. Nikasema basi, niingie mimi, angalau kitongoji changu kiwe kinakaa. Nilikuwa na moto kwelikweli. Mume wangu alinishangaa ila akaniunga mkono, na hilo namshukuru mpaka leo.

Sasa hapa ndo pa kusoma polepole.

Ratiba ya 2024 ilikwenda hivi. Kuandikisha wapiga kura tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Fomu za kugombea tarehe 1 mpaka 7 Novemba, uteuzi tarehe 8. Kampeni tarehe 20 mpaka 26 Novemba, siku saba tu. Kura tarehe 27. Iangalie vizuri hiyo ratiba mdogo wangu. Mtu anaandikishwa Oktoba wakati hajui hata nani atagombea! Hakuna sura ya kumvuta, hakuna ngoma, hakuna kampeni, kuna meza na kijana wa kuandikisha amekaa na orodha yake anasubiri watu. Halafu mgombea anakuja kutangazwa Novemba, anaanza kuzunguka kwa nguvu zote, anaomba kura kwa watu ambao mlango wao ulishafungwa tangu Oktoba 20. Ndo nilichofanya mimi. Zile siku kumi za Oktoba mi nilikuwa bize na mbegu za viazi, nilijiandikisha siku ya tatu nikaona nimemaliza wajibu wangu, nikaendelea na shughuli zangu. Nilikuwa najua kabisa nitagombea, na sikumwambia mtu hata mmoja nenda kaandikishwe. Nikilala usiku hicho ndo kinachonirudia, siyo siku ya kura.

Na kuna hili la kadi. Watu wengi wana kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi, ile ya alama za vidole, nyie wa Makambako mnaijua vizuri maana uandikishaji wake, ule wa mashine za BVR, ulianzia kwenu Februari 2015. Sasa mtu anajua nina kadi, kwa hiyo nina kura. Hapana. Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI, na orodha yake ni nyingine, inaandikwa upya, unaandikishwa kwenye kitongoji au mtaa unaoishi. Kadi unaweza kuja nayo kama kitambulisho, ila jina lisipokuwepo kwenye ile orodha hupigi. Kuna mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, siku ya kura aliamka mapema akavaa kitenge kipya, akaitoa kadi yake kwenye mfuko wa nailoni alioitunzia, akashuka na fimbo mpaka kituoni. Wakatafuta jina, halipo. Wakatafuta tena. Yule mama akasimama pale ameishika kadi kwa mikono miwili anawaonyesha, "si mimi huyu, si sura yangu hii". Akarudi nyumbani. Mi nilikuwa mbali kidogo nikamwona anapandisha, nikajua amepiga. Kesho yake ndo akaniambia, na alikuwa anaona aibu yeye, wakati wa kuona aibu ni mimi ambaye nyumba zetu zimepakana na sikumwambia.

Kampeni sitaiongelea sana, siku saba nilizunguka nyumba kwa nyumba, viatu vikaisha. Kila nyumba walinipokea, wengine wakanipa ndizi, wengine viazi vya kuchemsha, wazee wananishika kichwa wananiombea. "We ni wetu." "Kura zote zako mwanangu." Nilitoka kila nyumba nasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na moyo umejaa. Usiku nikawa nahesabu na mume wangu, tukaona tunapita mbali sana. Hayo maneno "kura zote zako" nakuomba uyasikie, uyashukuru, halafu usiyaandike popote kama kura.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, serikali ilitangaza mapumziko nchi nzima. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku mbili mfululizo, na anayelima nyanda za juu huku anajua mvua za Novemba maana yake nini. Udongo umelowa, mbegu ipo ndani, mbolea ya kupandia ipo ndani, ukipewa siku ya mapumziko unakwenda wapi? Unakwenda shamba. Asubuhi saa 12 njia ilijaa watu na majembe, nawaona wanapita mbele ya nyumba yangu, wananipungia mkono, "tunarudi mapema mgombea wetu". Kituo kilifunguliwa saa 2 asubuhi, kinafungwa saa 10 jioni. Wakala wangu alikuwa ndani. Saa 6 mchana alipotoka kidogo akanionyesha kwa vidole, hata watu hamsini hawajafika. Nikahisi miguu inaisha nguvu.

Sikwenda kumpa mtu kitu wala kumpigia mtu kampeni siku hiyo maana hairuhusiwi, nilichofanya nilipanda bodaboda nikaenda kumwita kaka yangu. Kaka yangu wa kuzaliwa, ndo mkubwa wetu, baba alipofariki yeye ndo alitusimamia. Shamba lake liko ng'ambo ya mto. Nimefika nikamkuta na wifi yangu na vijana wake wawili, wakubwa wote wana miaka zaidi ya 18, wote wameandikishwa, hao nilihakikisha kwa macho yangu kwenye orodha iliyobandikwa. Wanapanda mahindi. Kamba imevutwa kutoka mwisho hadi mwisho wa shamba, ina vifundo vya kupimia mashimo, kijana mmoja anachimba, wa pili anaweka mbolea kwa kifuniko cha soda, kifuniko kimoja kila shimo, wifi anafukia udongo kidogo halafu anadondosha mbegu mbili. Kaka ameshika kamba. Nikamsalimia, nikamwambia kaka muda unakwenda. Akaangalia jua, akasema, "Tumalizie hii mistari mitano dada, tukiiacha kamba hapa ng'ombe watakata, tunakuja."

Ningemwambia nini? Ni kaka yangu. Huwezi kumsimamia kaka yako shambani kwake mbele ya watoto wake ukamfokea. Nikasema sawa kaka, nikarudi.

Walifika kituoni saa 10 na robo, wana matope mpaka magotini. Msimamizi alishasema waliopo kwenye foleni saa 10 ndo watapiga, na kwenye foleni kulikuwa na watu wawili. Mlango ulishafungwa. Kaka akauliza kidogo, akajibiwa, akageuka. Akaniambia, "Si utashinda tu, kura zetu nne zingefanya nini." Akaenda zake kunawa.

Kura zilihesabiwa pale pale kituoni. 64 kwa 58, moja iliharibika. Nilisaini, nikampa mwenzangu mkono, nikamwambia hongera baba, na nilimaanisha. Nyumbani nililia.

Siku ya tatu nikaenda kuisoma orodha ya kituo chetu upya, nikiwa na daftari la mistari la mtoto. Walioandikishwa walikuwa 231. Waliokuja 123. Nikaanza jina moja moja, huyu alikuja, huyu hakuja, huyu hakuja alikuwa wapi. Kitongoji ni kidogo, mambo haya hayajifichi. Wengi walikuwa shamba, kama kaka. Wengine walishuka Usangu kwenye mpunga, wapo Mbarali tangu mwanzo wa mwezi. Vijana kadhaa wapo Chunya kwenye dhahabu. Wanafunzi wa vyuo waliandikishwa kwetu halafu wakarudi Mbeya mjini. Na wapo waliokuwa nyumbani kabisa, wamekaa, wanaota moto, nikawauliza kwa upole mbona hamkuja, wakasema tulijua umeshapita. Nikahamia upande wa pili, watu wazima wa zile nyumba zinazonizunguka ambao hawamo kwenye orodha kabisa. Nikafika 19 nikaacha, kalamu iliniwia nzito.

Kwa hiyo ukiniuliza kura sita zilikuwa wapi nitakuonyesha kwa kidole. Nne zilikuwa kwenye kamba ya kupandia mahindi. Moja ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni. Na zile nyingine zilizokuwa zinaota moto sina hata haja ya kuzihesabu.

Kitaifa ilitangazwa kwamba waliojiandikisha ni zaidi ya milioni 31 na mahudhurio yalikuwa makubwa, sibishani na hilo, mi naandika nilichokiona kituo kimoja. Na kutojitokeza siyo ugonjwa wa kitongoji chetu peke yake. Uchaguzi mkuu wa 2010 walioandikishwa walikuwa kama milioni 20 na waliopiga hawakufika milioni 9. Mwaka 2020 waliandikishwa milioni 29 na zaidi, wakapiga kama nusu. Hata wenzetu Afrika Kusini uchaguzi wao wa serikali za mitaa wa 2021 hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Sasa kama uchaguzi wenye helikopta na wasanii watu wanabaki nyumbani, wewe wa mtaa unayetembea kwa miguu unategemea nini?

Kuna watakaosema dada usitudanganye, watu hawaji kwa sababu mshindi anajulikana. Nawasikia, na sitawapuuza. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Mwaka 2024 wagombea wengi walilalamika kuenguliwa kwenye uteuzi, na sehemu ambazo jina lilibaki moja watu walipiga ndiyo au hapana. Mtu aliyeona hivyo kwao akikata tamaa nitamwambia nini, maumivu yake ni ya kweli na wanaosimamia wanatakiwa wayasikie. Lakini kwetu majina yalikuwa mawili. Sanduku lilikuwepo, karatasi zilikuwepo, wakala wangu alikaa ndani mwanzo mwisho na hesabu aliyohesabu yeye ndo iliyotangazwa. Hakuna aliyeniibia. Na hapo ndo panaponiuma zaidi kuliko kama ningeibiwa.

Tatizo la watu wetu wanakiona kiti cha kitongoji ni kidogo. Hakina mshahara, hakina gari, mwenyekiti mwenyewe unamkuta kavaa koti la mvua anakata majani ya ng'ombe. Lakini hebu niambie, siku mwanao amekamatwa unataka dhamana, unaanzia kwa nani? Kitambulisho cha NIDA, barua ya benki, mkopo wa halmashauri ule wa asilimia 10 wa wanawake, vijana na wenye ulemavu, kote huko unaulizwa barua ya utambulisho na muhuri. Majina ya kaya maskini za TASAF yanapita kwenye mkutano wa kijiji. Baraza la ardhi la kijiji, wale watu saba ambao angalau watatu wawe wanawake, wanathibitishwa na mkutano mkuu. Na ardhi yenyewe! Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu umeridhia. Huku kwetu ambako kila siku anakuja mtu na gari zuri anatafuta eneo la parachichi, hicho ni kitu cha kukifanyia mchezo? Watu thelathini waliokaa kwenye majani siku ile ndo mkutano mkuu. Wewe uliyebaki nyumbani umeridhia bila kujua.

Kaka yangu alikuja kuyaona haya msimu uliofuata. Unajua mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa 2022/2023 mkulima lazima awe amesajiliwa, na usajili unaanzia kijijini. Yeye kwenye usajili wake waliandika ekari moja wakati analima nne. Kwenda duka la pembejeo anaambiwa mgao wako ni huu. Ili kurekebisha anatakiwa mwenyekiti wa kitongoji athibitishe kwamba shamba ni lake na ukubwa ni huo, halafu apite kwa mtendaji. Mwenyekiti alikuwa na msiba mbali, ofisi imefungwa, mara aje kesho, mara mhuri uko kwa mtu. Wiki tatu. Mahindi yakaanza kugeuka njano shambani yanadai mbolea ya kukuzia. Siku moja jioni akaja kwangu akakaa kwenye kigoda, akanywa chai kimya kimya, halafu akasema, "Ungekuwa wewe dada ningeshapata." Sikumjibu. Nilimwongezea chai. Hajawahi kuniomba samahani na mi sijawahi kumdai, ila siku ile nilijua anajua.

Basi mdogo wangu wa Makambako, ushauri wangu ni huu na utaona unajirudia, uache ujirudie.

Kaandikishe watu. Hiyo hela ya fulana inunulie muda wako Oktoba ya mwaka wa uchaguzi, funga biashara zile siku za kuandikisha, siku zote, siyo siku moja. Nenda nyumba kwa nyumba na usimwambie mtu nichague, mwambie mama umeshaandikishwa? Twende sasa hivi. Siyo kesho, twende sasa hivi. Anayekuonyesha kadi ya Tume mweleze taratibu kwamba hii orodha ni nyingine, mweleze mara mbili, hasa wazee. Tarehe za mwaka huo zitatangazwa, usikariri zangu, sikiliza mwenyewe redioni na kwenye ubao wa ofisi ya mtaa wako.

Orodha ikibandikwa kaisome. Jina kwa jina. Kuna kipindi cha kuweka pingamizi na kusahihisha, majina yanakosewa, mtu anaandikwa kitongoji cha jirani. Wengi wetu tunapita ule ubao kama tunapita kibao cha matangazo ya minada.

Halafu jua watu wako siku ile watakuwa wapi. Nyie Makambako ni mji, ila mji wa wakulima na wasafirishaji, Novemba nusu ya mtaa iko mashambani na wengine wako njiani na magari. Kaa na kila kaya ujue, wewe unakwenda shamba saa ngapi, basi piga saa 2 asubuhi ndo uende, jembe lako njoo nalo, liegemeze nje ya kituo. Hiyo ndo sentensi ningetakiwa kumwambia kaka yangu jana yake jioni, njoo na jembe kaka, piga kwanza. Nilimwambia tu kesho usisahau. Kusahau hakusahau.

Usitegemee simu. Grupu la WhatsApp la kitongoji chetu lilikuwa na watu wengi kuliko waliopiga kura, asubuhi ile wote wananitumia vidole gumba na maua. Simu haisimami foleni. Miguu ndo inasimama foleni.

Na nyie vijana mnaosema hizi ni kura za wazee, mnanikera kuliko wote, naomba mniwie radhi. Uwanja wenu wa mpira unauzwa kwenye mkutano mnaouita wa wazee. Mchango wa darasa mnaodaiwa mlangoni ulipitishwa huko. Mnaweza kukesha mnabishana Simba na Yanga mpaka sauti zinakauka, mnashindwa kutembea dakika kumi kwenda kuandika jina? Mtu wa Dodoma hatakuja kukuzibulia mfereji unaoingiza maji ndani kwa bibi yako, atakayekuja ni yule uliyeona hana maana ya kumpigia kura. Wanawake wenzangu nanyi, tunabeba michango yote, tunapika misiba yote, kwenye kura tunasema baba watoto ameshakwenda inatosha. Haitoshi. Kura ya baba watoto ni ya baba watoto.

Kaandikishe watu, nimeshasema, nasema tena.

Umeniuliza pia kama nitagombea tena. Sijaamua. Lakini lile daftari la mtoto bado ninalo, majalada yalichakaa nikalifunika na gazeti, kila kaya ya kitongoji ina ukurasa wake, wangapi wamefika 18, nani kahamia, nani analima ng'ambo ya mto na anatoka saa ngapi. Mwezi uliopita nilipita kwa kaka kujaza ukurasa wa kwanza, ni wa kwake. Nikamuuliza mjukuu wako huyu anafikisha 18 lini? Akahesabu kwa vidole, akaniambia mwaka. Halafu akasema, "Andika na saa. Andika saa 2 asubuhi, wote watano." Nikaandika.